Namba Iliyogoma Kushuka

Meneja mpya wa dawati la hisa la Ngara ameniomba niandike ukurasa mmoja wa uzoefu wangu, aubandike ukutani ili ninyi mnaoanza kazi muusome. Ukurasa mmoja hautoshi hata kueleza habari za kiti nilichokalia mwaka wa kwanza, kwa hiyo atafute ukuta mkubwa. Habari za vyeo na mshahara nitaziruka. Cheo nilipanda mara moja, na barua yake ilichelewa mpaka nikawa nimeshaizoea kazi ya cheo chenyewe. Mshahara haukuwahi kunishangaza. Nitaeleza kazi, na hasa namba moja iliyonisumbua kuliko wakwe zangu wote.

Mimi ni mtu wa Kibimba. Kabla ya hisa nilikuwa karani wa mizani kwenye ghala la kahawa. Siku moja Bi. Domitila, aliyenifundisha hesabu shule ya msingi, alileta kahawa yake ipimwe, akanikuta ninajumlisha magunia kichwani. Alikuwa amestaafu ualimu na kufungua Ngara mjini dawati la uwakala wa kampuni moja ya madalali wa hisa wa Dar es Salaam.

"Anselmi," akaniambia, "natafuta mtu."

"Shikamoo mwalimu. Wa kufanya nini?"

"Marahaba. Wa kuuza na kununua hisa."

"Hisa ni kitu gani?"

"Ni kipande cha kampuni. Njoo Jumatatu, na uvae shati lenye kola."

Dawati lenyewe lilikuwa ndani ya duka la pembejeo na dawa za mifugo, kwenye kona ya nyuma, kati ya rafu ya dawa ya kupe na marobota ya mbegu za mahindi. Mteja wangu wa kwanza alikuwa mzee kutoka Keza. Alisoma kibao chetu polepole, akanisogelea.

"Hii hisa," akaniuliza, "inanyweshwa au inachomwa sindano?"

Nikamweleza kwa dakika kumi na tano kwamba hisa ni sehemu ya umiliki wa kampuni, na kwamba kampuni ikipata faida na yeye anapata gawio. Alisikiliza kwa adabu yote, akiitikia kwa kichwa. Nilipomaliza akasema, "Sawa, nimeelewa. Sasa ng'ombe wangu anaharisha." Bi. Domitila, aliyekuwa akisikia kila neno, alinyoosha mkono nyuma yake bila kugeuka, akashusha chupa kutoka rafuni na kumpa. Baadaye akaniambia nilieleza vizuri, isipokuwa sikumuuliza mtu shida yake kwanza. Huo ndio ulikuwa mtihani wangu wa kwanza, na nilifeli.

Kazi ya siku kwa siku haikuwa ngumu. Mteja analeta picha mbili na kitambulisho, anafunguliwa akaunti ya hisa, anajaza fomu ya kununua au kuuza: kampuni gani, hisa ngapi, bei isizidi au isipungue kiasi gani. Sisi tunapiga simu Dar, dalali anaiingiza oda sokoni, na tunasubiri. Watu wengi wanadhani kazi ya hisa ni kupiga kelele. Ni kusubiri. Nimesubiri mpaka nikajua majina ya dawa zote za kupe.

Kazi ngumu ilikuwa mwisho wa mwezi. Makao makuu walitaka kila dawati lipeleke namba iitwayo kipimo cha mkusanyiko, yaani ni kwa kiasi gani biashara ya wateja imejikusanya kwenye kampuni chache kubwa badala ya kutawanyika. Bi. Domitila alinifundisha kwa mfano wa kwaya, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa sauti ya pili kigangoni.

"Chukua biashara yote iliyopita mezani mwezi huu, uiite mia," alisema. "Angalia kila kampuni imechukua ngapi katika hiyo mia. Kila sehemu izidishe kwa yenyewe, kisha ujumlishe. Kampuni kumi zikigawana sawa, kila moja ina kumi. Kumi mara kumi ni mia, mara kumi tena, elfu moja. Hiyo ni kwaya nzuri, kila mtu anasikika. Lakini kampuni moja ikichukua yote, mia mara mia ni ngapi?"

"Elfu kumi."

"Hapo anaimba mtu mmoja, wengine wameshika vitabu tu."

"Na kwa nini tunazidisha kwa yenyewe, mwalimu? Si tungejumlisha tu?"

"Ukijumlisha tu utapata mia kila mwezi, nao watakufukuza. Tunazidisha ili mkubwa aonekane mkubwa. Mdogo hata ukimzidisha kwa yeye mwenyewe anabaki mdogo."

Nimehudhuria semina nyingi tangu siku ile, nyingine zenye chakula kizuri sana, na sijasikia maelezo bora kuliko hayo.

Shida ni kwamba kipimo chetu hakikushuka. Madawati mengine yalipeleka elfu tatu, elfu nne. Ngara tulipeleka elfu kumi. Mwezi uliofuata, elfu kumi. Makao makuu walipiga simu kuuliza kama tunajua kutumia kalkuleta. Bi. Domitila aliwajibu kwamba mia mara mia haihitaji kalkuleta, akakata simu.

Sababu ilikuwa Murusagamba. Huko kulikuwa na kikundi cha wakulima wa migomba kiitwacho Dukore, yaani tufanye kazi, na mwenyekiti wake alikuwa Mzee Balitazari, mtu mfupi mwenye sauti ndefu. Wazazi wa nusu ya wanachama walivuka mpaka kutoka Burundi miaka mingi iliyopita. Nusu nyingine walikuwa wenyeji wa tangu zamani. Walikuwa wakibishana kuhusu kila kitu isipokuwa hisa. Kwenye hisa walikubaliana wote: kampuni ya bia. Kila mavuno wakija mjini walinunua bia, na ninasema bia kwa maana ya hisa, ingawa sikufuatilia waliendelea na nini baada ya kutoka ofisini kwangu. Kwa kuwa hao ndio waliokuwa wateja wetu wakubwa, biashara ya dawati zima ilikuwa ya kampuni moja.

Bi. Domitila alipoliacha dawati na kurudi shambani kwake, nilibaki peke yangu na elfu kumi yangu. Haikupita muda, barua ikaja. Ilisema kwamba dawati ambalo biashara yake imekusanyika kiasi hicho kwa muda mrefu linatia shaka. Kwamba huenda wakala anawasukuma wateja kwenye kampuni moja kwa faida yake. Kwamba nitoe maelezo na kuchukua hatua, la sivyo uwakala utasitishwa. Niliisoma nikiwa nimesimama. Kisha nikakaa, nikaisoma tena.

Sasa nieleze jambo ambalo sijivunii, kwa sababu ninyi mtashawishika kulifanya pia. Siku tatu baada ya barua ile alikuja Bi. Skolastika wa Keza, mke wa katekista. Alikuwa ameuza maharage na mbuzi wawili, akataka kununua hisa zake za kwanza maishani. Akaniuliza, "Baba, wewe ndiye unayejua. Ninunue zipi?"

Swali hilo msijibu haraka. Mimi nilijibu haraka. Nilimwambia anunue hisa za kampuni moja ndogo ya kutengeneza madaftari. Nikamweleza kwamba watoto hawaishi kuzaliwa na shule hazifungwi, na hayo yote yalikuwa kweli. Ila sikumshauri kwa ajili yake. Nilimshauri kwa ajili ya namba yangu. Mwezi ule nilipeleka makao makuu elfu tisa na kitu, nikajisikia kama mtu aliyepona malaria.

Makao makuu hawakuridhika. Walimtuma mkaguzi, Bi. Rehema, mwanamke wa Dar mwenye miwani, daftari gumu na viatu ambavyo nilivionea huruma mara tu aliposhuka kwenye basi. Hakupoteza muda. Alikagua fomu zote siku nzima, na asubuhi iliyofuata akasema, "Twende Murusagamba. Nataka kuwahoji hawa watu mmoja mmoja, na wewe ukae mbali."

Tulikodi gari. Mvua ilikuwa imenyesha juzi yake, na barabara ya kule mnaijua. Tulipofika, Dukore walikuwa wamekusanyika kwenye darasa la shule, wamevaa nguo za kanisani. Nilikalishwa nje chini ya dirisha, umbali ambao Bi. Rehema aliupima kwa hatua, lakini hakujua kwamba watu wa Murusagamba wanaongea kwa sauti ya kumwita mtu aliye mlima wa pili. Nilisikia kila kitu.

"Kwa nini ulinunua hisa za kampuni ya bia?" alimuuliza wa kwanza.

"Kwa sababu ndiyo rori inayofika."

"Lori?"

"Ee. Rori yao inafika hapa. Masika, kiangazi, inafika."

Akaja wa pili. "Ndiyo rori inayofika." Wa tatu, wa nne, wa tano. Kila mmoja alisema neno lile lile, kwa mpangilio ule ule, kama watu wanaojibu litania. Kama ningekuwa mkaguzi, hata mimi ningejikamata.

Baada ya mtu wa kumi na mbili, Bi. Rehema alitoka nje, akanitazama kupitia juu ya miwani.

"Umewafundisha," akasema.

"Sijawafundisha, mama."

"Watu kumi na wawili, jibu moja?"

"Na lori ni moja," nikasema. Haikusaidia.

Alirudi ndani. Wa kumi na tatu alikuwa bibi mmoja aitwaye Nyamwiza, aliyekuwa amechoka kungoja, kwa hiyo aliingia akiwa ameshakasirika.

"Bibi, shikamoo. Kwa nini ulinunua hisa za bia?"

"Marahaba. Mimi sijui. Nilimfuata Balitazari."

Nikasikia kiti kikisogezwa. Bi. Rehema alikuwa amepata alichokuja kutafuta: mtu anayewaongoza wengine. "Kumbe!" akasema. "Na Balitazari, yeye alimfuata nani?"

"Rori," akajibu Bi. Nyamwiza.

Mzee Balitazari, aliyekuwa mlangoni, alishindwa kuvumilia. Akaingia bila kuitwa. "Afisa," akasema, "sisi hapa tunapika pombe yetu ya ndizi tangu babu zetu. Hawa wa chupa wamekuja, vijana wote wanakunywa ya chupa, ya kwetu inabaki mtungini. Tukakaa kikao. Tukasema, kama huyu mtu anatushinda, tuwe yeye. Wewe unataka tununue kampuni gani? Ya ndege? Umeiona ndege hapa? Ya saruji? Angalia hizi nyumba. Sisi tunanunua kitu tunachokiona kwa macho."

Nadhani Bi. Rehema alikuwa anaandika.

Tulipoondoka, gari letu lilizama kwenye tope kabla hata hatujamaliza mteremko wa kwanza. Dereva alihangaika, magurudumu yakazunguka, na tope lote likamrukia Bi. Rehema aliyekuwa ameshuka kupunguza uzito. Ndipo tukasikia mlio nyuma yetu, na kwenye kona likatokea lori la bia, limejaa kreti mpaka juu. Dereva wake alitupita pembeni, akasimama, akatoa kamba, akatuunga nyuma yake.

Wanachama wa Dukore walikuwa wametufuata kwa miguu. Sasa wakalizunguka lori lile wakitoa amri. "Polepole, wewe! Unatikisa chupa!" Mzee Balitazari alikuwa amepanda kwenye ukingo, anagonga bodi kwa kiganja. "Hizo kreti za nyuma hukuzifunga! Zikivunjika ni hasara yetu!" Dereva alimtazama kama anayemtazama kichaa. "Mzee, kwani lori ni lako?" Na wanachama wote, kwa sauti moja, kwa mara ya kumi na nne siku ile: "Ndiyo!"

Bi. Rehema alianza kucheka. Alicheka akiwa amesimama na kiatu kimoja, kingine kikiwa bado ndani ya tope, na alipojaribu kuacha alimwona Bi. Nyamwiza akihesabu kreti kwa kidole, akaanza tena.

Jioni, tukinywa chai mjini, nilimuuliza swali ambalo nilikuwa nalo kwa miaka. "Mama, mnanisumbua kwa ajili ya namba ya Ngara. Soko lote la nchi, mkilipima kwa kipimo hiki hiki, linatoa ngapi?"

Alikoroga chai yake muda mrefu. "Hilo si la kukuambia wewe."

"Basi usiniambie namba. Niambie kama kwaya inasikika."

Ilibidi nimweleze mambo ya kwaya. Akatabasamu. "Kuna siku nyingi," akasema, "wanaimba wawili watatu. Wakubwa. Wengine wameshika vitabu."

"Na hao wanunuzi wa Dar, wale wenye shule na kompyuta, wananunua kwa sababu gani?"

"Wananunua kinachonunuliwa na wenzao."

"Yaani wanamfuata Balitazari."

"Wanamfuata Balitazari," akakubali, akaagiza chai nyingine.

Ripoti yake ilisema kwamba dawati la Ngara halina kosa lolote ambalo soko lenyewe halina. Uwakala ulibaki. Sharti lilikuwa moja tu, kwamba kila mwezi nibandike hesabu ya kipimo ukutani, hatua kwa hatua, mteja yeyote aweze kuiona. Nikadhani nimemaliza. Sikuwa nimemaliza, kwa sababu Bi. Skolastika alirudi.

Alirudi akiwa amemshika mumewe mkono. Katekista Filbert alikuwa mtu mrefu, mnyoofu, aliyesoma masomo ya Jumapili Keza kwa miaka mingi. Sasa macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Mkewe alieleza kwamba Jumapili anashika kitabu na kufungua ukurasa kama zamani, lakini anasema masomo kwa kichwa, na wiki mbili zilizopita alisoma injili ya Pasaka wakati wa Majilio. Waumini walinyamaza kwa heshima. Padri hakunyamaza.

"Madaktari wa macho wanakuja hospitali ya misheni mwezi huu, watakaa wiki mbili," alisema Bi. Skolastika. "Kwa hiyo nimekuja kuuza zile za madaftari."

Nilijaza fomu, nikapiga simu Dar. Siku ya kwanza hakuna mnunuzi. Ya pili hakuna. Siku ya tano nilimpigia Bi. Rehema mwenyewe.

"Anselmi," akasema, "nimeangalia. Ni miezi sasa hakuna hata hisa moja ya madaftari iliyobadilisha mkono. Watu wote wako kwenye kampuni kubwa. Kwenye ndogo hakuna mtu."

Hapo ndipo nilipoielewa namba yangu, baada ya kuiandika mara nyingi vile. Elfu kumi haikuwa tu habari ya watu wanaopenda bia. Mahali biashara ilipojikusanya ndipo na wanunuzi walipo. Ukimpeleka mtu nje ya hapo, umempeleka mahali ambapo siku akitaka kutoka hakuna wa kumpokea. Mzee Balitazari angeuza hisa zake kabla chai haijapoa. Bi. Skolastika alikuwa na kampuni nzuri isiyo na deni, yenye kupata faida, na hakuwa na mtu wa kumwuzia katika nchi nzima.

Nilikwenda Kibimba kwa Bi. Domitila. Alikuwa anapalilia maharage, hakuacha.

"Ulipomwambia anunue," akaniuliza, "ulimwambia atamwuzia nani?"

"Hapana, mwalimu."

"Ulijua?"

"Sikufikiri. Nilikuwa ninaifikiria barua."

Alipalilia mstari mzima. "Basi mtafutie mtu," akasema.

Nilimwambia Bi. Skolastika ukweli wote, pamoja na habari za barua. Nikamwambia kwamba nitamtolea fedha za macho mfukoni kwangu. Aliniangalia bila hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Baba, mimi sikuja kuomba," akasema. "Nilinunua kitu kwako, nataka kukiuza."

Zilibaki siku sita madaktari waondoke. Siku za Jumatano nilikuwa nafungua meza Biharamulo, na nikiwa ndani ya gari, tumepita Nyakahura, nikamkumbuka Mchungaji Yona. Huyu alikuwa na akaunti ya hisa kwa zaidi ya mwaka na hakuwa amenunua hata moja, kwa sababu kila kampuni niliyomtajia aliikuta na dhambi. Bia, isitajwe. Sigara, vilevile. Benki zinakula riba. Nilipomtajia saruji alisema saruji inajenga baa. Nikamwambia inajenga na makanisa. Akasema kanisa lake ni la matofali ya udongo.

Nilimkuta nje ya kanisa lake hilo hilo, anapiga msumari kwenye benchi.

"Bwana asifiwe, mchungaji."

"Ameni. Leo umeniletea dhambi gani?"

"Madaftari."

Akashusha nyundo. "Madaftari tu? Hawatengenezi na karata?"

"Madaftari tu, mistari na ya hesabu."

"Na madaftari hayana dhambi?"

"Inategemea kinachoandikwa, mchungaji."

Alifikiri. Niliona anaelekea kukubali, na ninakiri kwamba ulimi ulitaka kunyamaza hapo hapo. Lakini nilikuwa nimeshamjua mtu mmoja wa Keza aliyenyamaziwa. Nikamwambia yote. Kwamba muuzaji ni mke wa katekista anayetaka macho ya mumewe yatibiwe. Kwamba nami ndiye niliyemtia kwenye shida. Na kwamba yeye akinunua, siku akitaka kuuza anaweza kungoja sana bila kupata mtu.

"Katekista," alisema Mchungaji Yona. "Yaani Mkatoliki."

"Ndiyo, mchungaji."

"Ambaye akiona vizuri ataendelea kuwafundisha watu Ukatoliki."

"Kwa miaka mingi, Mungu akipenda."

Akaokota msumari mwingine, akautazama ncha yake. "Kuhusu kungoja usinitishe. Mimi nangoja ufufuo wa wafu, nitashindwa kungoja mnunuzi wa madaftari? Lete fomu. Na huyo katekista mwambie akishaona, asome na sehemu zile za Biblia wanazoziruka."

Nilipiga simu Dar nikiwa nimesimama palepale juu ya benchi jipya, kwa sababu mtandao ulikuwa juu zaidi. Oda ya kununua iliingia sokoni na kukutana na oda pekee ya kuuza iliyokuwepo. Bi. Rehema alinipigia baadaye, anacheka. Siku ile, alisema, biashara yote ya kampuni ile katika nchi nzima ilikuwa kati ya mama mmoja wa Keza na mchungaji mmoja wa Biharamulo. Sheria za soko zinaficha majina ya muuzaji na mnunuzi, lakini hawa walitumiana salamu kupitia kwangu mpaka nikachoka.

Fedha zilifika siku mbili kabla madaktari hawajafunga. Nilikwenda hospitali. Bi. Skolastika alikuwa amekaa nje kwenye nyasi, anachambua maharage kwenye ungo kama yuko nyumbani. Tulikaa pale kwa saa tatu bila kuongea habari za hisa hata kidogo. Walipomtoa mumewe akiwa amefungwa bandeji, nilishika ule ungo wa maharage ili mkewe apate kumshika mkono.

Mwisho wa mwezi nilifanya hesabu yangu na kuibandika ukutani kama nilivyoamriwa. Bia themanini katika mia, benki moja kumi na tano, madaftari tano. Elfu sita mia sita arobaini. Ilikuwa namba ya chini kuliko zote zilizowahi kutoka Ngara, na safari hii sikuwa nimemsukuma mtu. Niliipeleka makao makuu, wakanipongeza kwa maandishi. Niliitazama barua ile mara nyingi kuliko inavyompasa mtu wa umri wangu.

Wiki chache baadaye Katekista Filbert aliingia dukani peke yake, bila kushikwa mkono. Alikuwa na miwani mipya. Alinisalimu, akasoma kwa sauti jina la kila dawa ya kupe rafuni, akasoma tarehe za kuharibika, akamwonyesha mwenye duka mbili zilizokwisha muda. Kisha akaja kwenye kona yangu, akasimama mbele ya karatasi ukutani, mikono nyuma, kama yuko mbele ya kitabu cha masomo.

"Themanini mara themanini, elfu sita na mia nne," alisoma. "Sawa. Tano mara tano, ishirini na tano. Sawa." Akasogea karibu zaidi, akainamisha kichwa. "Kumi na tano mara kumi na tano, mia mbili na kumi na tano." Akanigeukia.

"Bwana Anselmi," akasema kwa upole aliokuwa akiutumia kwa watoto wa komunyo ya kwanza, "ni mia mbili ishirini na tano."

Nilichukua kalkuleta. Nikapiga mara mbili. Ilikuwa mia mbili ishirini na tano. Namba niliyopongezwa kwa maandishi ilikuwa pungufu kwa kumi; ya kweli ilikuwa elfu sita mia sita hamsini.

Nilikaa chini palepale kuandika barua ya kurekebisha kwenda Dar, naye akasimama nyuma ya bega langu, akisoma kila neno nililoandika, kwa sauti, polepole, kwa sababu tu alikuwa anaweza.